Kibati Namba Kumi na Moja

Kwa miaka kumi na tisa nilikaa nyuma ya wavu wa chuma, katika stoo ya karakana moja huko Industrial Area, nikiwapa wanaume vifaa ambavyo mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuvifunga kwenye mashine. Walikuja dirishani asubuhi, wakataja wanachotaka, nikawaletea. Kila fundi alikuwa na vibati vyake vya shaba, vidogo kama kifuniko cha soda, vimegongwa namba. Ukitaka kisu cha kukatia chuma, unaniachia kibati, nakitundika kwenye msumari pale kisu kilipokuwa. Ukirudisha kisu, unapewa kibati chako. Mwingine akija kuulizia kisu hicho hicho, natazama msumarini, naona kibati, namjibu, "Iko nje." Basi. Hakuna kubembelezana. Waliniita Mama Stoo, na nadhani wengi wao hawakuwahi kujua jina langu lingine.

Kibati namba kumi na moja kilikuwa cha fundi wa leti, yaani ile mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikikwangua kutoka pembeni mpaka kipate umbo unalotaka. Alikuwa mtu wa Magharibi, mrefu, mpole kwa watu na mkali kwa vyuma. Alianza kuja dirishani kuchukua visu asivyovihitaji. Nilijua kwa sababu vilirudi vikavu, bila hata tone la mafuta. Mwezi wa pili nilimwambia kwamba stoo si mahali pa kupunga upepo, kama ana neno aliseme. Akalisema. Mimi ni mtu wa Machakos, na kwetu walinung'unika kidogo, halafu wakazoea.

Miaka mitatu iliyopita alianguka mbele ya mashine yake saa nne asubuhi. Walipokwisha kumtoa nje, nilifungua mlango wa wavu, nikaenda kwenye mashine, nikakifungua kisu chake na kukirudisha mahali pake, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Kisha nikakitoa kibati msumarini, na sikuwa na wa kumpa. Nilikitia mfukoni. Nyumbani kiliishia kwenye kopo la vifungo, kwenye rafu iliyo kando ya kitanda.

Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na karibu maneno yake yote. Yaliyobaki ni matatu: "sawa", "hapana" na "kesho". Mtu aliyewaambia wateja "kesho" maisha yake yote, ukikikung'uta kichwa chake chote kama gunia, lazima neno hilo libaki chini. Nilimtania hivyo hospitalini naye akacheka kwa upande mmoja wa uso. Nilipofika nje ya wodi nikalia mpaka nikaona aibu.

Tulikuwa tukiishi Gatwekera, kwenye vichochoro ambavyo hata mtu mwenye miguu mizima huvuka mtaro akiwa amekunja sketi. Watu wa kanisa walipompa kiti cha magurudumu, ilikuwa wazi kwamba huko hakitapita. Tukahamia Kawangware, upande wa Gatina, chumba kimoja cha chini katika ploti ya mawe. Dirisha letu linatazama ukuta wa ploti ya jirani, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa. Lakini kutoka mlangoni hadi barabarani ni sawasawa, na hilo ndilo tulilolipia. Stoo waliniachia zamu ya asubuhi tu, na kila siku baada ya chakula cha mchana nilimsukuma mpaka pale wachomeleaji wanapotengenezea milango na majiko, nikamwacha kwenye kivuli cha bati lao. Alikaa akiwatazama, akitikisa kichwa wanapokosea. Mimi nilipata saa mbili za kuwa mtu bila mgonjwa.

Mwaka mmoja wa vumbi na matope ukala kiti. Kati ya gurudumu na mhimili wake kuna kipete cha chuma, mafundi hukiita bushi. Ya upande wa kushoto ilisagika kwanza, gurudumu likalala upande na kukwama kabisa. Ya kulia ilikuwa inafuata. Fundi mmoja wa barabarani, wa walewale wachomeleaji, alinitengenezea ya plastiki ngumu, ikadumu siku kumi. Akaniambia, "Leta tena mama, nitakufanyia ya shaba." Sikupeleka. Kwa nini sikupeleka nitasema, maana ndiyo sehemu ya habari hii ninayoionea haya.

Wakati huohuo karakana ilifungwa. Mashine kubwa zilinunuliwa, na vifaa vyote vya stoo yangu, kila kisu na kila holda ya kubania visu, vilichukuliwa kwa jumla na mtu mmoja aliyeleta lori. Nilivihesabu vikitoka. Kilichobaki ni leti ndogo ya mezani ambayo mwenye kampuni alikuwa nayo ofisini kwake, ya kuchezea jioni. Alikuwa akitengeneza vijigari vya moshi vya watoto wazee kama yeye. Hakuna aliyeitaka. Ilikuwa haina hata kisu kimoja. Nilipokuwa nasaini karatasi za mwisho aliniuliza kama kuna kitu ningependa kubaki nacho kama kumbukumbu, nadhani akitarajia niseme kalenda. Nikamwonyesha ile mashine.

Wanaume wanne waliileta kwa mkokoteni. Iliingia chumbani na chumba kikaisha. Kulikuwa na kitanda, jiko, meza, mzee wangu kwenye kiti kisichotembea, na leti chini ya dirisha. Ili nifike jikoni ilinibidi nipite kwa ubavu. Niliifunika kwa kitambaa cha kufuma, na akina mama wa ushirika walipokuja Jumamosi kutuombea waliweka juu yake chupa ya chai na sahani ya mandazi. Mmoja aliuliza kama ni cherehani ya aina mpya. Nikasema ndiyo.

Sasa naomba nieleweke. Fundi wa barabarani angeitengeneza ile bushi kwa nusu saa. Nilijua. Mzee wangu alijua zaidi yangu. Lakini nilikuwa nimetoka nyuma ya wavu nikaingia katika chumba chenye dirisha la kutazama ukuta, nikamwosha mtu, nikamlisha, nikamgeuza, siku baada ya siku, na kitu pekee chumbani kilichokuwa changu kilikuwa ile mashine. Nilitaka kutengeneza kitu kwa mikono yangu, mara moja tu. Na kitu kilichohitajika kilikuwa bushi. Hivyo nilimweka mume wangu ndani ili niwe na kazi. Nimeligeuza hili kila upande na halina upande mzuri.

Kutafuta visu kulitaka niombe ruhusa. Jirani yetu anauza mboga mlangoni mwa ploti. Alikubali kukaa na mzee akimenya maharagwe yake, mradi nirudi kabla wateja wa jioni hawajaanza. "Dada, usinipitishie saa tisa," aliniambia, na hakuwa akitania. Nilitembea mpaka Soko la Toi, haraka kama mtu anayefukuzwa. Ndani huko, ukipita nguo na viatu, kuna kijana anayeuza vyuma vya mitumba kwenye gunia: spana, keekee, vitasa visivyo na funguo.

"Sasa mathe," alisema. "Unatafuta kisu ya mboga? Ziko ule upande."

"Natafuta visu vya leti."

Alinitazama. "Ni za mzee?"

"Ni zangu."

"Poa. Lakini hizi si vitu za jikoni, mathe."

Nilichuchumaa nikamtajia vitu tisa vilivyokuwa kwenye gunia lake, kimoja baada ya kingine, na kazi ya kila kimoja, na viwili kati yake akakiri alikuwa akiviuza kama nyundo. Akavuta kasha la bluu kutoka nyuma ya gunia. Ndani kulikuwa na visu vinne vinene vya kutosha kujaza kiganja, kila kimoja na ncha ndogo ya dhahabu iliyofungwa kwa skrubu. Kabaidi. Ncha ikiisha unaitupa, unafunga nyingine. Hunoi kitu, hupunguzi kitu. Kule stoo hivyo vilikuwa vya mafundi wakubwa, na fundi mdogo akiviomba nilikuwa namcheka usoni. Nilivichagua bila kufikiri mara mbili. Nilichagua kama mtu wa stoo: vikubwa, safi, vikiwa ndani ya kasha lao.

Nilivificha chini ya sukuma wiki kwenye kiondo nikarudi navyo. Mzee wangu alikichukua kimoja kwa mkono wa kushoto, akakipima uzito, akaitazama leti, akakirudisha kwenye kasha.

"Hapana," alisema.

Nilidhani anasema mwanamke asishike mashine. Nilidhani anasema mengi. Nikamgeuzia mgongo nikapika.

Kesho yake asubuhi, ploti ikiwa tupu, nilikifunga kisu kwenye holda ya mashine. Shimo la holda lilikuwa dogo, ikabidi nikisukume mpaka kikakubali, na kilipokaa, ncha ilikuwa juu sana ya katikati ya chuma. Kisu cha leti lazima kikutane na chuma sawasawa katikati. Kikipanda, hakikati, kinasugua tu. Niliiwasha mashine, na kipande cha shaba nilichokuwa nimekinunua Toi pamoja na visu kikapiga yowe hadi jirani akaja na kisu cha mboga mkononi akidhani tunavamiwa. Kisu chembamba ungeweza kukiinua kwa kukiwekea vipande vya bati chini. Kinene huwezi kukishusha. Kila kisu cha stoo ile nilikijua kwa namba, na hilo sikulijua, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kutoa vitu na si kuuliza vinakaa vipi huko viendako.

Ilinichukua wiki moja kupata nafasi nyingine ya kutoka. Kijana wa Toi alinibadilishia bila maneno mengi na kunipa vyembamba, lakini nilishikilia nipewe vya kabaidi. Alinionyesha pia vijiti vya haispidi, vyuma vitupu vya mraba visivyo na ncha, ambavyo unavinoa mwenyewe kwenye jiwe mpaka viwe kisu. Nikakunja uso. Kule stoo vilikuwa vitu vya wanafunzi. Vilitoka virefu na kurudi vifupi, na mimi ndiye niliyeshika daftari la kuandika kila kilichorudi kimepungua. Moyo wangu haukuvipenda.

Nyumbani, mzee alivitazama vile vipya. "Hapana."

"Sasa nini tena?"

Akainua mkono wa kushoto akaonyesha taa, ile balbu moja inayoning'inia katikati ya chumba. Nilidhani inamuumiza macho. Nikaizima.

Kesho yake niliiwasha tena, na visu vilikaa sawa safari hii. Nilikata vipande vya bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia, nikaviweka chini ya kisu kimoja kimoja mpaka ncha ikafika katikati kabisa. Niliwasha mashine, nikazungusha gurudumu la mkono, na shaba ikaanza kubanduka kuwa vumbi la njano jembamba, laini, likianguka juu ya kanga niliyotandika chini. Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili na nilikuwa nakata chuma. Halafu mtu wa ghorofani akachomeka pasi yake. Balbu ikafifia ikawa nyekundu, mashine ikaguna kama ng'ombe, ikasimama ghafla kisu kikiwa kimezama ndani ya shaba, na ncha ikavunjika tik, sauti ndogo tu.

Nikainua macho kuitazama balbu. Kisha nikamtazama mzee wangu. Alikuwa ananitazama kwa subira ambayo ilinikera kuliko kama angenicheka.

Ploti yetu ina mita moja ya umeme kwa vyumba kumi na sita. Kabaidi ni ngumu kama jiwe na inavunjika kama jiwe. Inataka mashine yenye nguvu isiyositasita, kama zile za karakana. Nilikuwa nimechagua visu vya karakana iliyokufa. Mashine niliyoifikiria, na umeme nilioufikiria, vilikuwa vimeondoka na lori. Hata hivyo sikukubali siku hiyo. Nilivunja ncha sita. Nilijaribu kuwahi kabla watu hawajaamka, nikajaribu baada ya wote kwenda kazini, na daima palikuwa na mtu mwenye birika la umeme alilokatazwa na mwenye nyumba.

Ilipovunjika ya sita nilikaa kitandani. Ulikuwa mwezi wa tano tangu mzee wangu aone barabara. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba kwa kukaa. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya kitu kilichowekwa stoo. Alinitazama, nami nikamwambia neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu. "Kama una akili zote hizo," nilisema, "inuka ufanye mwenyewe."

Hakutazama pembeni. Alihangaika kutafuta kitu kichwani, na alichokipata ni kilekile.

"Kesho," alisema.

Nilimchukia wakati ule. Niliichukia mikono yangu iliyonuka mafuta na dawa ya kuchua. Nilitoka nikasimama kati ya ukuta wetu na ukuta wa jirani, mahali pasipotosha hata kugeuka, nikakaa hapo mpaka jirani wa mboga akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Siku ya pili ilikuwa ya kufua. Nilikuwa nimekata mche wa sabuni vipande vinne, na nilipogeuka kuchukua maji kimoja hakikuwepo. Mzee alikuwa amekibana katikati ya mapaja, na mkononi alikuwa na kisu cha kukatia nyanya. Nilidhani akili zimeanza kumtoka. Nikanyoosha mkono nichukue kisu asijikate.

"Hapana," alisema, na hii haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ya fundi.

Nikamwacha. Alichonga sabuni ile kwa mkono asiouzoea kuanzia saa tatu hadi saa sita. Ilimteleza, akaivunja kona, akadai kipande kingine kwa kugonga beseni, akaanza upya. Nilifua, nikasuuza, nikaanika uani, nikarudi. Alipomaliza alinyoosha mkono kunipa. Kilikuwa kisu cha leti. Kipande cha sabuni ya mraba, kimechongwa mbele kwa mshazari, kimekatwa chini ya makali ili kisisugue chuma, kimeinamishwa juu kidogo tu ili shaba isikikamate. Kila pembe ilikuwa pale. Nilikuwa nimepitisha visu vya namna hiyo dirishani maelfu ya mara na sikuwahi kuona kwamba vina pembe.

Akagonga kona ya sabuni, akaitazama balbu, akarudisha mkono nyuma taratibu, kama mtu anayevuta kisu kutoka kwenye chuma bila haraka. Hapo nilielewa. Haispidi haivunjiki umeme ukianguka. Unakivuta nyuma, unangoja, unaendelea. Kikibutuka unakinoa tena. Kinapungua, ndiyo, lakini kinapungua kwa sababu kinafanya kazi.

Nilirudi Toi nikanunua vijiti vinne, na yule kijana akasema tu, "Nilijua utarudi, mathe." Kisha nikaenda kwa fundi wa barabarani, yuleyule wa bushi ya plastiki, maana ndiye mwenye jiwe la kunolea la umeme. Nilimwomba jiwe.

"Mama, wacha kujisumbua," alisema. "Leta hiyo gurudumu hapa. Dakika ishirini umeenda nayo."

Nilisimama pale na kijiti mkono mmoja na sabuni mkono mwingine. Mahali pa mzee wangu palikuwa nyuma yake, chini ya lile bati, na mtu alikuwa ameweka debe la rangi pale kiti kilipokuwa kikikaa. Dakika ishirini. Na mimi nilisema, "Nipe jiwe tu."

Cha kwanza nilikichoma mpaka kikawa cha bluu. Cha pili kilikuwa na pembe za mtu mlevi. Cha tatu nilikinoa kidogo, nikakichovya kwenye maji, nikakiweka kando ya sabuni, nikatazama, nikakinoa tena. Fundi aliacha kuchomelea akaja kuangalia, akaishika ile sabuni, akauliza imechongwa na nani. Nilipomwambia, alilihamisha lile debe la rangi. Cha nne nilikinoa kuwa chembamba, cha kuchimba tundu kutoka ndani. Hivyo viwili vya mwisho vilikuwa vimepungua kwa urefu wa ukucha. Nilirudi nyumbani nikihisi nimeharibu mali ya mtu.

Bushi ile niliikata kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Bati mbili za kopo la mafuta na moja nyembamba ya kopo la dawa ya mbu, hapo kisu kilifika katikati. Mzee alikuwa akinisikiliza zaidi ya kunitazama. Nikibonyeza sana aligonga mkono wa kiti. Nikiwa sawa alinyamaza. Balbu ilipofifia nilivuta kisu nyuma, nikakunja mikono, tukangoja wote wawili mpaka shati la mtu lipigwe pasi liishe. Ya kwanza ilitoka na tundu pana, ikacheza kwenye mhimili, nikaitupa kwenye kopo la vifungo. Ya pili niliisukuma kwa kidole gumba ikaingia polepole, na hewa ikatoka upande wa pili ikipumua. Nilifunga gurudumu. Lilizunguka muda mrefu sana baada ya kuliachilia.

Ijumaa ile nilimvalisha shati jeupe. Nilifungua mlango wote, nikaegemeza jiwe usijirudi. Jua lilikuwa limefika mpaka kwenye kizingiti. Nilikigeuza kiti kikaelekea mlangoni, nikaenda kumchukulia kofia, na nilipogeuka alikuwa ameshika gurudumu kwa mkono wake wa kushoto na kulisukuma.

Kiti kikazunguka, maana mkono mmoja huzungusha. Kikauacha mlango, kikavuka nusu ya chumba, kikasimama mbele ya leti. Akaweka kiganja juu ya gurudumu la mashine na kukituliza hapo. Miezi yote ile nilidhani alikuwa akingoja barabara. Kumbe alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye leti, haifikii, akimtazama mtu asiyejua kitu akiigusa kila siku.

Nitasema nilichohisi. Sikufurahi. Nilihisi kitu changu pekee kikichukuliwa, na mikono iliyonitengenezea kisu cha sabuni ndiyo iliyokuwa inakichukua, na sikuwa na haki ya kulalamika. Kofia ilikuwa bado mkononi mwangu.

Kisha akatia vidole katika mfuko wa shati. Sijui alikitoa lini kwenye kopo la vifungo. Alikiweka juu ya mashine, mbele yangu, akakisogeza kwa kidole kama walivyokuwa wakifanya dirishani: kibati namba kumi na moja. Akakionyesha kisu kilichokuwa kimefungwa kwenye holda, kisu changu, kile cha tatu.

Mkono wangu ulienda wenyewe. Nakiri hilo. Miaka kumi na tisa, mtu akiweka kibati, mkono unaenda kuchukua kisu. Ulikuwa tayari umeshika skrubu ya holda. Hapo nikaiona ile bushi ya pili, ya gurudumu la kulia, ikiwa bado kipande cha shaba kilichobanwa kwenye mashine, hakijakatwa.

Nikaiacha skrubu. Ukutani, juu ya dirisha, kulikuwa na msumari wa kalenda ya mwaka jana. Nikaishusha kalenda, nikatundika kibati.

"Iko nje," nikamwambia. "Rudi kesho."

Halafu uso wake ukaanza kwenda upande, ule mmoja unaokwenda, na akacheka mpaka kiti kikatikisika juu ya bushi yake mpya.

"Sawa," alisema.

Nikawasha mashine. Hakusogea, alibaki pale ubavuni mwangu akisikiliza. Mlango tuliuacha wazi mpaka jioni, na siku ile hakuna aliyetoka.